Karani na Watu wa Siku Sifuri

Karani wa kanisa letu pale Kwa Vonza alikuwa mama wa tarehe, na sikumbuki akifika mahali popote kwa wakati. Ibada ilianza saa tatu asubuhi. Yeye aliingia saa nne kasoro, rejista kifuani, akatembea polepole hadi benchi la mbele ambalo hakuna aliyethubutu kulikalia. Siku moja mchungaji alimtania mbele ya watu kwamba huenda saa yake imekwisha betri. Karani alimjibu bila kuinuka: "Mchungaji, kazi yangu ni tarehe. Saa muulize mlinzi." Watu walicheka mpaka mahubiri yakapoteza njia. Mlinzi mwenyewe hakuwa na saa.

Nilimjua tangu nikiwa msichana wa kubebea bibi yangu Biblia. Bibi huyo, ambaye sisi humwita Susu, ndiye aliyenilea, na nyumba yetu haikuwa mbali na ofisi ya kanisa. Baadaye nilienda Nairobi kusomea kompyuta, nikarudi na cheti pamoja na dharau kidogo, nikafungua chumba changu cha kazi mjini Kitui. Dharau ilidumu kuliko nilivyotarajia. Karani ndiye aliyeitoa, na hakutumia upole.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye dirisha moja na kompyuta moja kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Kitambaa hicho kilifuliwa kila Jumamosi. Kompyuta yenyewe haikuguswa na mtu mwingine. Ndani yake mlikuwa na programu aliyoiandika mwenyewe kwa Pascal, lugha ya kompyuta ambayo sisi tulipofika chuoni tulisikia ikitajwa tu, kama jamaa aliyehamia mbali. Alijifunza akiwa mtu mzima, jioni baada ya kazi, katika chuo kidogo mjini Kitui ambacho siku hizi ni duka la mabati na misumari. Kitabu alichokitumia kilikuwa hakina jalada wala kurasa thelathini za mwanzo. "Mwanzo nilijitungia," aliniambia, na sikuwa na sababu ya kutomwamini, kwa sababu programu yake ilianza kwa namna ambayo hakuna kitabu kingemfundisha.

Wanaume walimwogopa na kumhitaji. Kila baada ya wiki chache mmoja angekuja ofisini akijifanya anauliza habari za kwaya, kisha anapunguza sauti: alioa tarehe ngapi? Karani angefungua kompyuta, akaandika tarehe kwenye karatasi, akaikunja mara nne na kudai kilo ya sukari. Kabla ya jua kutua, mke wa mtu huyo alikuwa amekwisha jua. Alitunza siri za kanisa zima isipokuwa zile zilizomchekesha.

Neno alilolichukia ni "kama". Ukimwambia umehamia hapa mwaka kama wa tano hivi, aliweka kalamu chini na kukungoja. Lakini katika mambo mengine yote aliishi kwa makadirio. Muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, ulikuwa na chumvi ya kutosha watu wanane hata akipikia wawili. Ukimpigia simu kumuuliza alipo, alikuambia amefika kwenye geti, nawe unasikia maji yakimiminwa kwenye karai. Nilipomuuliza kuhusu hilo alisema mahali si tarehe.

Nakumbuka pia siku aliyotumwa kwa mwenye duka wa pale sokoni, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, kumuuliza Ramadhani itaanza lini, ili mchango wa kanisa usigongane na mfungo wa jirani. Yule mzee alimwambia watafunga wakiuona mwezi. Karani alirudi amefurahi kama aliyepewa zawadi. "Wale watu wana akili," aliwaambia wanakamati. "Hawajui, na wanasema hawajui, na wanaendelea na kazi." Kamati ilitaka tarehe ya kuandika kwenye ratiba. Karani aliwaandikia: haijulikani.

Hapo ndipo penye kiini cha huyu mama, na lazima nieleze vizuri. Miaka mingi nyuma, alipoanza kuingiza washiriki kwenye kompyuta, alizunguka nyumba hadi nyumba na daftari akiuliza kila mtu alizaliwa lini. Wazee wengi hawakujua. Wengi wao, kwa kutotaka kumrudisha mgeni mikono mitupu, walimtungia tarehe hapo hapo. Yeye aliandika alichoambiwa. Lakini wazee thelathini na wanane walikataa kutunga. Walijua mwaka, basi. Mwezi sijui, siku sijui. Susu wangu alikuwa mmoja wao. Karani aliwawekea sifuri kwenye mwezi na sifuri kwenye siku, na katika programu yake ile sifuri ilikuwa na heshima zake: ikifika wakati wa kuchapa barua, kompyuta iliandika mwaka, kisha "mwezi na siku haijulikani".

"Hawa," aliniambia mara moja akigonga kioo cha kompyuta kwa kucha, "ndio watu wa kweli kwa hii rejista yote."

Basi kamati ikaamua kwamba kila mshiriki apate kadi ya plastiki yenye picha, nambari na tarehe ya kuzaliwa, na kwamba rejista ihamie kwenye tovuti. Kompyuta ya Karani haikuwa na uwezo hata wa kusikia neno tovuti. Kazi nilipewa mimi. Nilikuwa nihamishe kila kitu kutoka Pascal hadi JavaScript, lugha ninayoitumia kila siku, na kipande cha kwanza nilichokichagua kilikuwa kile kinachoandika tarehe. Ukikipa mwaka, mwezi na siku kwa nambari, kinakurudishia maneno yanayosomeka na binadamu. Hicho tu. Niliona ni kazi ya kabla ya chai.

Kipande cha Karani kilikuwa na mistari mia tatu na kumi na miwili. Changu kilitoshea mistari tisa. Nilimwonyesha vyote viwili ubavu kwa ubavu, nikiwa na tabasamu ambalo leo ningelipa kulifuta.

"Yako ni fupi," alikubali.

"Lugha imeendelea, Karani. Mambo mengi inajifanyia yenyewe."

"Yangu ni ndefu kwa sababu watu ni wengi," akasema, akarudi kwa sukari zake.

Katikati ya mistari ile mia tatu palikuwa na maneno aliyojiandikia kwa herufi kubwa, ya aina ambayo kompyuta huyaruka na binadamu anapaswa kuyasoma: SIFURI NI JIBU. USIGUSE. ULIZA KARANI. Niliyasoma. Nilicheka. Nikayafuta, maana katika mistari yangu tisa hayakuwa na mahali pa kukaa. Karani alikuwa hatua sita kutoka kwangu, na sikumuuliza.

Hili ndilo lililotokea, na ni rahisi kuelewa hata kama hujawahi kugusa kompyuta. JavaScript haijui kukataa. Kwa mistari yangu, ukiiambia mwezi sifuri, haiulizi ulimaanisha nini. Inarudi nyuma kutoka Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukiiambia siku sifuri, inarudi tena nyuma, hadi siku iliyo kabla ya tarehe moja. Zipe zote mbili kwa pamoja na inatua tarehe thelathini Novemba, mwaka mmoja kabla, bila haya yoyote. Nilijaribu mistari yangu kwa siku yangu ya kuzaliwa, kwa siku ya mchungaji na kwa Krismasi. Yote yalikuja sawa. Nikatuma kadi zikachapwe.

Kadi ziligawiwa Jumapili moja ya Septemba. Susu alinifuata hadi mlangoni, kadi mkononi, akitembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka.

"Nisomee hapa tena."

"Thelathini Novemba, Susu." Nilisoma kabla ya kufikiri.

"Kipande changu, kitambulisho cha serikali, kiko na mwaka peke yake. Serikali haikujua. Kanisa limejua." Akaifunga kadi kwenye ncha ya leso. "Na nimekuwa mkubwa na mwaka mmoja. Niliwaambia kila siku mimi ni mkubwa kuliko yule mama wa kwaya."

Saa ile ile, kando ya tangi la maji, wazee walikuwa wamekwisha anza kulinganisha kadi. Thelathini Novemba. Thelathini Novemba. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa viatu alitangaza kwamba inaonekana Mungu naye alikuwa na siku yake moja ya kuleta watu. Hakuna aliyepata shaka. Shaka ya nini? Rejista ya Karani haikuwahi kumdanganya mtu, na wao ndio walioijua vizuri zaidi, kwa sababu ilikuwa imekubali sijui yao bila kuwasumbua. Ndiyo sababu waliiamini ilipowapa siku.

Karani alifika amechelewa, kama kawaida. Alichukua kadi ya fundi viatu, akaiangalia mbele na nyuma, akanivuta kando.

"Mwiitu, hii umetoa wapi?" Aliniita binti kwa Kikamba pale tu mambo yalipokuwa mabaya.

"Imetoka kwa sistemu."

"Sistemu imezaa watu thelathini na wanane siku moja, na hakukuwa na mkunga."

Nilikaa ofisini kwake na kulitafuta kosa. Nililiona. Kulirekebisha kulichukua dakika ishirini. Kuwaambia wazee kulichukua miezi saba.

Najua mtu atauliza kwa nini. Sababu ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu niliivika nguo za huruma. Nilijiambia wana furaha, nitawanyang'anya nini. Ukweli ni kwamba Susu alikuwa akipita sokoni akisema mjukuu wake ndiye aliyemtafutia siku yake kwenye kompyuta, na mimi nilipenda kusikia. Nilipenda sana. Karani hakuwa na muda na huruma yangu.

"Walisema ukweli wakati uongo ulikuwa rahisi," aliniambia. "Sasa wanatembea na uongo kwa leso, na ni wewe umewafungia. Utawaambia lini?"

"Baada ya kupanda," nikasema.

Walipanda. Kisha thelathini Novemba ikafika, na wazee wakafanya shukrani. Mbuzi wawili, chapati, mchele, na mchungaji akahubiri juu ya Mungu anayewakusanya walio wake. Nilipewa kiondo kipya mbele ya watu wote, nikapigiwa makofi. Karani aliketi meza ya pili uso umekauka, akala sahani mbili. Nilimwangalia, akaniangalia. "Nyama haina makosa," akasema.

Mwezi wa Januari kamati ilimstaafisha kwa maneno mazuri na saa ya ukutani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza aone imetengenezwa wapi, kisha akamwachia mlinzi akiondoka. Alirudi Kathonzweni, kwa mdogo wake wa kiume, kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua na sukari ilikuwa imepanda. Kutoka huko alinipigia simu kila Jumatatu. Hakusalimia.

"Umewaambia?"

"Baada ya Pasaka, Karani."

"Mimi nilifikiri ni wale thelathini na wanane peke yao hawana tarehe. Kumbe na wewe."

Niliwaambia Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Niliwaomba wale wazee wabaki, wakakaa kwenye mabenchi matatu ya mbele, nami nikasimama pale ambapo watu husimama kutubu. Nilieleza kuhusu sifuri na kurudi nyuma. Nilieleza vibaya, nikaanza tena. Nikasema kosa ni langu, kwamba kulikuwa na maandishi yakiniambia niulize na sikuuliza. Fundi viatu akatoa kadi yake na kuisoma upya, kama vile ingebadilika.

Susu ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo hatujui."

"Hatujui, Susu."

"Vile tulikuwa tunasema."

"Ndiyo. Vile mlikuwa mnasema."

Nilimwona akiumia, sitadanganya. Aliifungua leso polepole na kuiweka kadi juu ya benchi kana kwamba ilikuwa na uzito. "Na wale mbuzi tulikula?"

"Mlikula."

"Basi mbuzi wabaki, tarehe irudi." Wengine waliitikia kwa vichwa. Shukrani ya Novemba wanaifanya mpaka leo, na ukiwauliza ni ya nini watakuambia ni ya wale wasiojua. Susu hakuniongelesha siku tatu. Ya nne aliniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata nilienda Kathonzweni na kompyuta yangu begani, na kusema kweli nilikwenda kusifiwa. Ilikuwa alasiri. Karani alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya kigoda, akichagua ndengu kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Nilimsimulia yote, benchi kwa benchi, nikamwonyesha rejista mpya na mistari yangu, ambayo sasa ilikuwa arobaini na tatu. Nilifungua jina la Susu. Mwaka, kisha: mwezi na siku haijulikani.

"Umeandika vizuri," akasema. Kisha akaendelea kuchagua ndengu kwa muda mrefu, akitupa mawe madogo uani. "Fungua yangu."

Nilifungua. Tarehe kumi na nne Agosti.

"Hiyo ni ya uongo."

Niliinua macho kutoka kwenye kioo.

"Nilienda kuomba kazi, kitambo, kabla hata sijaolewa. Fomu ilikuwa inataka siku. Mama yangu alijua ni wakati wa kuvuna mbaazi, basi. Yule wa ofisini akasema bila siku, fomu haiendi popote. Nikamuuliza, leo ni ngapi? Akaniambia. Nikaandika ile." Aliuweka ungo chini. "Nilizaliwa siku niliomba kazi. Kipande, cheti cha ndoa, kila mahali nimefuatwa na hiyo kumi na nne."

"Karani, kila mtu alifanya hivyo."

"Si kila mtu. Thelathini na wanane hawakufanya. Nilienda kwao na daftari, nikawaona wakisema sijui, mbele ya watoto wao, na hawaoni haya. Mimi niliona haya. Nikasema, kama siwezi kuwa kama hawa, wacha niwawekee yao vizuri." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, bila haraka. "Weka sifuri nione."

Niliweka sifuri kwenye mwezi, sifuri kwenye siku. Maneno yakatokea. Aliinama karibu na kioo na kuyasoma midomo ikitembea, kisha akayasoma tena. Nilimpenda sana wakati ule, na nilijua kwamba katika miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumwambia. Nikamwambia.

"Najua," akasema. "Sasa usihifadhi. Toa."

"Kwa nini?"

"Hospitali wako na ile ingine. Bima wako na ile ingine. Nikianza kubadilisha, na huu mguu, watanizungusha ofisi mpaka nichoke. Utahifadhi nikifa."

"Usiseme hivyo, Karani."

"Nimesema nikifa. Sijasema kesho." Akauchukua ungo wake. "Hiyo nayo haijulikani."

Ilikuwa ni Oktoba, mvua ikitishia. Mdogo wake alinitumia picha ya kitambulisho cha dada yake ili niandike kijitabu cha mazishi, na hapo palikuwa na kumi na nne Agosti, imechapwa na serikali. Nilifungua rejista, nikaweka zile sifuri mbili, na mkono ukakaa juu ya kitufe cha kuhifadhi kwa muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji. Kisha nikabonyeza. Nikachapa nakala mia mbili. Yule mdogo wake alipozipokea aliuliza siku imeenda wapi. Nilimwambia dada yake ndiye aliyeagiza. Alifikiri, akakunja nakala moja akaitia mfukoni. "Hata mama hakujua," akasema.

Kanisa letu lilikodi basi kutoka Kwa Vonza hadi Kathonzweni, na wazee walipewa viti vya mbele chini ya turubai. Mchungaji alisoma historia ya marehemu kwa sauti yake ya mazishi, akafika kwenye mstari wa pili, akasimama. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilitikisa kichwa kukubali, naye akasoma kama ilivyoandikwa: mwaka, kisha mwezi na siku haijulikani. Watu wachache walinong'ona.

Susu, aliyekuwa ameketi kando yangu, hakunong'ona. Alihesabu kitu kwa vidole juu ya goti lake, akanigeukia.

"Kumbe tulikuwa thelathini na tisa," akasema.